Plagi ya Gari Jeupe

Gari lile jeupe liliachwa na daktari Mjerumani na mkewe, waliokuja nalo kwa barabara kutoka kwao, wakipika na kulala ndani yake njia nzima. Muda wao ulipokwisha katika zahanati ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kisii, walipanda ndege wakarudi Ulaya, na gari wakalitoa lizungushwe vijijini kwa kliniki ya watoto. Lilikuwa nyumba ndogo yenye magurudumu. Kulikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki, na friji fupi chini ya dirisha. Kwa ajili ya friji hiyo gari likathaminiwa kuliko magari yote ya misheni, maana chanjo isipokaa kwenye baridi huwa maji tu.

Lakini friji ilitaka umeme, na umeme uliingilia mahali pamoja tu. Ubavuni mwa gari, nyuma ya kifuniko cha bati, palikuwa na meno matatu ya shaba. Plagi ya waya ilikuwa na matundu ya kuyapokea meno hayo, nayo ilikuwa nene kama mkono wa mtoto. Matope ya masika na vumbi la kiangazi vilikuwa vimeingia humo mwaka baada ya mwaka, shaba ikaota ukungu wa kijani, mpira ukavimba. Kuiingiza plagi ilikuwa vita. Kuitoa ilikuwa vita kubwa zaidi.

Dereva, Abner Onsongo, alikuwa mtu wa makamo, mzee wa kanisa, na hakupenda kushindwa na kitu kisicho na roho. Asubuhi aliipigilia plagi kwa kitako cha nyundo. Jioni aliukamata waya wenyewe kwa mikono miwili, akaegemeza mguu kwenye ubavu wa gari, akavuta kama mtu anayemtoa ng'ombe matopeni. Muuguzi wa kliniki, Persis Kwamboka, alimwambia mara kadhaa kwamba huo waya utakatika siku moja. Abner alimjibu kwa upole kwamba sista aangalie watoto, gari yeye ataliangalia.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa sabini na nne, waliondoka Kisii mapema. Walipita soko la Daraja Mbili wakati wenye ndizi ndio kwanza wanashusha mikungu, wakapanda vilima hadi Ekerenyo. Kliniki ilipangwa ifanyike kwenye uwanja wa kiwanda kidogo cha chai kilichokuwa na injini yake ya umeme. Fundi wa injini, mtu mtaratibu aliyeitwa Angwenyi, alifunga mwisho mmoja wa waya kwenye swichi ndani ya banda lake, akaupitisha kati ya nondo za dirisha, akaulaza kwenye nyasi mpaka pale gari liliposimama. Abner akachukua nyundo. Plagi ilikataa, ikakataa tena, kisha ikaingia kwa mlio mkavu kama mfupa unaovunjika. Friji ikaanza kunguruma.

Umande ulikuwa haujakauka. Persis alikatiza kwenye nyasi kwa viatu vyake vya ngozi, vikalowa hadi soksi, akashika mpini wa mlango ili apande. Akahisi kitu kikimtembea kiganjani, kama siafu waliokanyagwa, kikapanda hadi kwenye kiwiko. Akaachia. Akautazama mkono wake, akaona ni mkono wake ule ule. Akaugusa mpini tena kwa ncha ya kidole, na siafu wakarudi.

Alimwita Abner, akamweleza. Abner alikuja na magambuti yake makubwa ya mpira, akabandika kiganja kizima mlangoni, akakiacha hapo huku akimtazama. Hakuhisi lolote.

"Hiyo ni baridi ya asubuhi, sista," alisema. "Vidole vimekufa ganzi."

Orpah, mama wa kanisa la hapo Ekerenyo aliyejitolea kupima watoto uzito, alitabasamu, akaendelea kufunga mizani kwenye nguzo ya turubai. Persis hakutabasamu, lakini hakusisitiza pia. Alikuwa amekulia kwenye nyumba ya koroboi, na umeme aliujua kama kitu cha kuwashwa na kuzimwa ukutani hospitalini. Abner alikuwa amegusa palepale alipogusa yeye, na hakuna kilichomtokea.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomfunga mdomo. Vijijini kulikuwa na maneno kwamba gari jeupe hunyonya damu. Ilisemekana watoto huingizwa humo wakiwa wazima wakatoka na homa, na kwamba lile tumbo la baridi ndani yake ndimo damu inamowekwa. Ilimchukua Persis misimu mingi ya kukaa na akina mama, kuwafungulia mlango, kuwaonyesha chupa moja moja, hadi wakaanza kuja wenyewe. Leo akisema gari lina kitu, nani atabaki?

Kwa hiyo alikaa kimya, akafanya kazi. Jua likapanda, nyasi zikakauka. Katikati ya asubuhi aliugusa mpini tena bila mtu kumwona, na siafu hawakuwepo. Alijionea aibu kidogo. Hata hivyo, tangu hapo, kila alipoingia au kutoka alishika mlango kwa pindo la aproni yake.

Akina mama walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Waliketi kwenye mabenchi chini ya turubai lililofungwa kwenye paa la gari, watoto mgongoni na mapajani, miguu yao mitupu kwenye udongo. Persis aliwachoma watoto sindano mezani hapo nje, juu ya shiti nyekundu ya mpira, na Abner akawa anampokeza sindano zilizochemshwa. Baada ya chakula sindano safi ziliisha. Abner alivua magambuti, akayaacha chini ya ngazi, kwa sababu Persis hakutaka matope kwenye sakafu ya kliniki, akaingia ndani na soksi zake kuwasha jiko la gesi. Alifunga mlango ili upepo usizime moto.

Upepo ulikuwa umeanza kweli. Kule juu ya vilima wingu lilikuwa limesimama, jeusi kwa chini. Kila mtu wa Kisii analijua wingu la alasiri na hashangai. Persis alilitazama, akatazama waya kwenye nyasi, akatazama miguu ya akina mama. Alitaka kusema neno. Alifungua kinywa akamwuliza Orpah kama wamebaki wengi.

Mvua ilikuja bila kunyunyiza kwanza. Ilianguka yote kwa pamoja, ikapiga turubai kwa kelele, na wale waliokuwa kwenye foleni nje walikimbilia chini yake wakijibana karibu na gari. Wa mbele kabisa alikuwa Tryphosa, mama kijana wa ng'ambo ya mto, aliyekuja kliniki kwa mara ya kwanza, mtoto wake Mogaka akiwa mgongoni. Aliteleza kwenye tope. Ili asianguke alinyoosha mkono, akashika chuma cha kupandia kando ya mlango.

Hakupiga kelele. Hilo Persis alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote. Tryphosa alisimama wima ghafla, kichwa kikatupwa nyuma, meno yakaumana, na mkono wake ukakaza juu ya chuma mpaka mishipa ikasimama. Mtoto mgongoni, aliyekuwa akilia kwa sababu ya mvua, alinyamaza. Mwanamke aliyekuwa jirani alinyoosha mkono kumshika bega.

"Msimguse!" Persis alisema, na sauti iliyotoka hakuijua ni ya nani.

Yeye mwenyewe tayari alikuwa amepiga hatua mikono mbele. Akaisimamisha miguu yake kwa nguvu. Mezani mbele yake palikuwa na ile shiti ya mpira, kavu, chini ya turubai. Akaivuta, chupa na pamba zikamwagika, akaipitisha nyuma ya kiwiko cha Tryphosa kama mtu anayemfunga ng'ombe kamba, akashika ncha zote mbili, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote.

Mkono ulibanduka. Tryphosa alianguka kifudifudi kwenye tope, na Persis akaanguka kando yake. Persis alitambaa, akafungua fundo la shuka, akamgeuza mtoto. Uso wa Mogaka ulikuwa umekunjamana, mdomo wazi, bila sauti. Persis akamsugua kifua. Akamsugua tena. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akalia.

Tryphosa alikuwa akipumua. Kiganja chake kilikuwa na mstari mweupe wa kuungua, na macho yake yalimtazama Persis kama anayetazama mnyama.

Ndipo Persis akageuka, akaona kwamba nusu ya akina mama walikuwa wamekimbia, na nusu nyingine walikuwa wamejibanza kwa hofu na kwa mvua, migongo yao ikibakia kama shubiri moja kutoka kwenye bati la gari. Wale wanawake aliowabembeleza misimu yote hiyo walisogelee gari, sasa aliwafukuza. Aliokota mguu wa mbao wa benchi uliovunjika akawaswaga nao kama mbuzi, akawasukuma kwa mabega kwenye mvua kubwa na watoto wao wachanga. Walimlaani. Mmoja alimwambia kwamba sasa wamejua alichokuwa akificha. Persis alimtuma Orpah akimbie kwenye banda, amwambie Angwenyi azime injini.

Mlango wa gari ukafunguka. Abner alisimama kizingitini, sufuria ya sindano mkononi, akiuliza kelele ni za nini. Akamwona Tryphosa chini. Sufuria akaiweka pembeni, akashika fremu ya mlango, akashusha mguu wa soksi kuelekea kwenye tope.

Persis aliyaona magambuti chini ya ngazi, yamesimama yenyewe, na mambo yote ya asubuhi yakamjia kwa mara moja: kiganja cha Abner mlangoni, na mpira chini ya nyayo zake.

"Mzee Abner, rudisha mguu. Usikanyage chini. Gari lote lina umeme."

Mguu ulibaki hewani. Abner alimtazama, akamtazama Tryphosa, na Persis aliona uso wa mtu aliyezoea kubisha ukibadilika pole pole. Akaurudisha mguu ndani.

Orpah alirudi akihema. Banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Injini ilikuwa ikinguruma ndani peke yake, na mfanyakazi mmoja alisema Angwenyi ameteremka mtoni kuangalia pampu. Orpah aligeuka akashika njia ya mtoni, leso kichwani, akiteleza na kuinuka.

Kwa hiyo ilibidi kungoja, na pengine wangengoja tu, kwa sababu aliyeko ndani alikuwa salama muradi asitoke. Lakini Abner alianza kukohoa. Persis alisogea ubavuni, mbali kiasi, akaona kifuniko kidogo cha bati kikitoa uzi wa moshi mweusi. Plagi ilikuwa ikiungua. Na upande wa pili wa bati lile, ndani, ndipo ulipokaa mtungi wa gesi.

Abner naye alikuwa amekwisha jua. Alifunga gesi, akasema kwamba mtungi una joto. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo Persis hakuwahi kuisikia kutoka kwake, kwamba yeye hataki kufia ndani ya boksi, ataruka.

"Goti lako bovu haliruki," Persis alimwambia. "Ukishika mlango umekwisha. Ningoje."

Alisema hivyo bila kujua angefanya nini. Aliyatazama magambuti. Yalikuwa yamenyeshewa. Aliyachukua, akayapindua, maji kidogo yakamwagika kutoka kwenye moja. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakipenyeza ndani, akafuta, akafuta tena, na bado hakujua kama ukavu huo ulitosha. Hakuna aliyeweza kumwambia. Akavua viatu, akaingiza miguu. Ndani mlikuwa na ubaridi, na kila mara alipokanyaga alisubiri siafu.

Aliikunja shiti ya mpira mara mbili, akaifuta chini ya turubai, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kutoa chungu jikoni. Akakisukuma kifuniko kwa ule mguu wa benchi. Moshi ukamjia usoni, wa mpira unaoungua. Akaomba, maneno mawili matatu yasiyokuwa na mpangilio, kisha akaikamata plagi yenyewe, wala si waya.

Ilikuwa ya moto hata kupitia shiti. Akavuta. Haikutikisika. Akavuta tena mpaka macho yakaona giza, na gari likayumba kidogo kwenye springi zake, na ndani Abner akaita jina la Mungu. Mvua ilikuwa ikimshuka shingoni, ikiteleza mikononi kuelekea kwenye shiti. Alijua kwamba maji yakipita pale kati ya mpira na kiganja, basi. Alitaka kuachia. Mwili wake wote ulimwambia aachie, akimbie na wale wanawake wengine.

Kilichomsaidia ni mikono yake. Alikuwa ametoa pete nyingi kwenye vidole vilivyovimba vya wajawazito, na pete haitoki kwa kuvutwa. Mikono ikaanza yenyewe. Akaisukuma plagi kidogo kushoto, kidogo kulia, juu, chini, bila haraka. Ikasogea upana wa kucha. Akaendelea. Moshi ukazidi. Kushoto, kulia. Akahisi kitu kikikwaruza ndani, shaba juu ya shaba, halafu pakatokea mlipuko mdogo wa bluu, na akaanguka chali, plagi mikononi. Akaitupa kwenye nyasi, mbali, kama mtu aliyegundua ameshika nyoka, akaburura makalio kwenye tope akirudi nyuma hadi mgongo ukagonga benchi.

Friji ilinyamaza. Muda si mrefu injini nayo ikazimwa kule bandani. Angwenyi alikuwa amefika.

Alikuja na bisibisi, akaifungua plagi mbele yao chini ya turubai, mvua ikipungua. Waya wa ardhi ulikuwa umechomoka mahali pake kwa kuvutwavutwa, na nyuzi za waya wa moto zilikuwa zimelalia pale ulipokuwa. Alieleza kwa utulivu kwamba umeme wote ulikuwa ukienda kwenye bati la gari, na kwamba tairi ndizo zilizouzuia usipite ardhini, ukawa unangoja mtu. Hakumlaumu yeyote. Abner alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni.

Walimwambia sasa ashuke. Hakushuka. Angwenyi alimwonyesha plagi iliyofunguliwa, akamwonyesha injini imezimwa. Abner alitikisa kichwa. Mzee yule wa kanisa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya mapaja ili isiguse chochote, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

"Sista," alisema, "liguse wewe kwanza."

Persis alijua kwamba hakuna umeme. Alikuwa ameitoa plagi kwa mikono yake. Alivua magambuti, kwa kuwa kulishika gari akiwa ameyavaa kusingemthibitishia Abner lolote, akasimama peku kwenye tope mbele ya mlango. Alinyoosha mkono. Mkono ukasimama njiani. Alisimama hapo mbele ya watu wote muda mrefu kuliko alivyotaka, akiutazama mpini, akisikia ile sauti ya meno ya Tryphosa. Kisha akafumba macho, akaushika.

Ulikuwa chuma baridi, basi. Abner akashuka akimshika bega, akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kazi, akatapika.

Tryphosa alipelekwa nyumbani kabla hawajaweza kumfunga mkono vizuri. Jioni hiyo habari ilikuwa imefika kila mahali: gari limemshika mwanamke, limemnyonya mbele ya watu, na sista amepigana nalo. Misheni ililiweka gari chini ya mti nyuma ya stoo, likafunikwa turubai. Abner aliomba kuhamishiwa lori la saruji. Persis kwa siku nyingi hakuweza kulala bila kushtuka, mkono ukiwa umekaza kwenye shuka, na alifungua kila mlango wa bati kwa mgongo wa kiganja.

Chanjo hata hivyo ziliendelea kufika, na watoto waliendelea kuzaliwa. Mwezi ulipoandama, Persis alipanda basi hadi Ekerenyo na chupa kubwa ya thamosi iliyojaa barafu, akavuka mto kwa miguu. Orpah alimsindikiza hadi kwenye ua wa kwanza. Mama mkwe wa Tryphosa alipowaona alisimama mlangoni, akasema kwa Kigusii, bila hasira, kwamba hapo hapana mgonjwa. Waligeuka waondoke.

Tryphosa aliwafuata hadi kwenye migomba. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha kanga, mtoto kiunoni. Alisimama mbali kidogo, akaitazama ile chupa.

"Hiyo nayo ina umeme?" aliuliza.

"Haina. Ni barafu tu."

Persis aliifungua, akaiweka chini kwenye majani makavu, akarudi nyuma hatua kadhaa kumwachia nafasi. Tryphosa alichuchumaa. Alikaa vile, akipumua kwa mdomo, mkono usioungua ukining'inia juu ya chupa. Orpah alitaka kusema neno, Persis akamzuia kwa jicho. Mwishowe Tryphosa aliingiza vidole viwili, akavitoa haraka, akavitazama, akaviingiza tena.

Akamtoa mtoto kiunoni, akamnyoosha kwa Persis. Persis alimpokea, akaandaa sindano, akapangusa paja. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na Tryphosa aliona kwamba inatetemeka. Walikaa hapo chini ya migomba, wote wakingoja mikono ile itulie.